Mwana Aliyeondoka kwa Dirishani

Samahani alikuwa kwenye benchi la kinyozi, anasubiri zamu yake, alipoona bahati imebandikwa ukutani kwa gundi.

Lilikuwa tangazo la karatasi ya njano: "Mafundi cherehani wote mnakaribishwa kwenye kundi letu la simu. Elekeza kamera hapa, uingie." Chini yake palikuwa na ule mraba wa vidoadoa vyeusi ambao simu huusoma yenyewe. Hakuna mlinzi, hakuna swali, hakuna hodi wala karibu. Yeyote mwenye simu na kidole kimoja angeingia mpaka chumbani.

"Watu wema sana hawa," alisema Samahani, akatoa simu.

Tumtendee haki tangu mwanzo: aliwapenda watu wema kwa dhati. Ndio waliokuwa wakimlipia kodi. Na jina lake, kwa wasiomfahamu, hakulipata kwa malezi bora. Alipewa na wenzake wa kazi, kwa sababu kila ujumbe aliotuma ulianza na neno hilo. Samahani mama. Samahani kaka. Samahani sana mzee wangu, najua una shughuli nyingi. Wizi wa kuvunja milango aliuona ni ushamba, tena unachafua nguo. Kwa nini uhangaike na kufuli la mtu, wakati ukimwomba ufunguo kwa adabu atakuletea mwenyewe, na atakupa pole ya usumbufu?

Ofisi yake ilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya duka la dobi. Humo mlikuwa na meza moja, kiti kimoja, na simu kadhaa zilizolala kwenye chaji kama wagonjwa wodini. Mvuke wa pasi uliingia kupitia ukuta wa mbao, na harufu ya sabuni haikutoka hata siku za mapumziko. Hivyo Samahani alikuwa mwizi anayenukia usafi kuliko wote mjini, na kwa mtu wa hadhi yake hilo lilikuwa jambo la maana.

Ndani ya kundi la mafundi alikaa kimya kama mgeni mwenye heshima. Alisoma tu. Alitazama nani anauliza bei ya bitana, nani anagombana, na nani anashukuru. Akamwona mmoja aliyeshukuru kila kitu. Mtu akituma picha ya gauni, yeye "asante". Mtu akitangaza kwamba umeme utakatika, yeye "asante sana kwa taarifa". Samahani akapasha vidole vyake moto.

"Samahani dada yangu," aliandika, "mimi ni katibu wa kundi. Tunahakiki wanachama. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unisomee."

Namba zilikuwa zimeingia kweli. Alizisababisha yeye mwenyewe, alipoiambia programu ya ujumbe kwamba akaunti ya yule mama ni yake na kwamba amebadilisha simu. Na juu ya ujumbe wa namba hizo programu ilikuwa imeandika, kwa herufi nene, usimpe mtu yeyote. Lakini nani husoma herufi nene wakati katibu anasubiri?

"Hizi hapa, katibu," alijibu yule mama. "Asante, na pole na kazi nyingi."

Pole na kazi. Hata Samahani alitabasamu. Akaingia kwenye akaunti, akamfungia mwenyewe nje, na juu ya hapo akaweka kufuli lake la siri, la namba sita nyingine alizozichagua mwenyewe. Hili alilifanya kwa kila akaunti. Mtu akiingia nyumba ya wengine, sharti abadilishe kitasa.

*

Mwenye akaunti alikuwa mjane, mwanamke mwembamba wa maneno machache, na alishona katika duka la wifi yake. Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe, na mtaa mzima ulimwita Mama Fundi: mwanamke wa mwili na sauti, aliyeweza kupiga kelele na pini zote mdomoni bila kumeza hata moja. Cherehani zao zilitazamana katika chumba kirefu kilichojaa sare za shule zisizo na vifungo.

Simu ya Mama Fundi ikalia. Akasoma. Akainua macho, akamtazama wifi yake aliyekuwa anageuza kola. Akasoma tena.

"Wifi."

"Abee."

"Hujambo lakini?"

"Mgongo tu kidogo. Kwani vipi?"

"Hapa umeniandikia kwamba umepata ajali. Uko hospitali, unataka hela ya haraka."

"Mimi?"

"Wewe. Na nisikupigie, maana daktari amekukataza kuongea." Mama Fundi akatoa pini mdomoni. "Hapo ndipo nilipompenda huyo daktari."

Wifi akacheka mpaka kola ikaenda upande. Halafu akachukua simu yake ili aone hicho kioja. Programu haikufunguka. Ilimwambia kwamba akaunti yake inatumika kwenye simu nyingine. Akajaribu tena, na tena, halafu akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Wifi," alisema, "sauti."

Mama Fundi hakuhitaji kuuliza sauti gani. Kaka yake alikuwa dereva wa lori. Kila alipoegesha, mji wowote, mvua au jua, alimtumia mkewe ujumbe wa sauti. Hakuwa mtu wa mashairi. Alisema amefika, alisema hali ya barabara, aliuliza kama mke amekula. Alipofariki, zile sauti zilibaki ndani ya simu, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka mjane alisikiliza moja. Moja tu, ili zisiishe utamu.

Walikwenda kwa fundi simu wa kona ya pili. Fundi akaigeuza simu, akaipuliza, kama wanavyofanya mafundi wote hata tatizo likiwa angani.

"Sauti zimo humuhumu ndani, mama," alisema. "Akaunti tunaweza kuirudisha. Tatizo aliyeingia ameweka kufuli lake. Namba sita za siri. Bila hizo programu haitufungulii, na tukilazimisha itafuta kila kitu."

"Nani anazijua?" aliuliza Mama Fundi.

"Mwizi peke yake."

"Basi tutamwomba."

"Mama, mwizi haombwi kitu."

"Kwani kazi yake nini? Si kuomba? Ngoja na yeye aonje."

Palepale kwenye kaunta ya fundi simu akaandika jibu la ule ujumbe wa hospitali, akinong'ona kila neno: "Pole wifi yangu wee! Ningekutumia sasa hivi. Lakini hela yote ya kiwanja nimemwekea mwanangu Bosi, na huyo Bosi aliondoka bila kuaga, hata namba yake mpya sina. Angenitafuta tu, jamani, ningempa yote."

Mjane akasoma juu ya bega lake. Akaweka mkono mdomoni.

"Bosi, wifi? Bosi?"

"Wewe rudi ukageuze kola yako," alisema Mama Fundi, akabonyeza kutuma.

*

Nyuma ya duka la dobi, Samahani alisoma ujumbe huo akiwa amesimama. Kisha akaketi, kwa sababu furaha nyingine si za kusimamia. Alikuwa ameomba senti za dawa, na hapa mtu anamwonyesha kiwanja kizima. Akatoa laini mpya kwenye droo, akaipachika kwenye simu kwa heshima zote.

"Samahani mama. Ni mimi mwanao Bosi. Simu yangu imeanguka majini, hii ndiyo namba yangu mpya. Siwezi kupiga, kipaza sauti kimekufa. Naandika tu. Shikamoo mama."

Jibu lilikuja upesi.

"Bosi! Marahaba! Siamini macho yangu. Tangu lini umejua kuandika?"

Samahani akasita kidogo. Kumbe Bosi hakusoma. Hayo hutokea.

"Nimejifunza huku mjini, mama."

"Ajabu ya Mungu," aliandika Mama Fundi, na hilo halikuwa na uongo hata chembe.

Mjanja wa kweli, kama Samahani alivyopenda kuwafundisha wanaoanza, humwacha mteja aongee. Mteja mwenyewe ndiye atakayekupa jina la shangazi, ugonjwa wa babu na sababu ya ugomvi. Wewe unakubali tu. Basi akamwacha mama aongee.

"Ulivyoondoka uliniumiza, Bosi. Kwa dirishani! Hata kugeuka nyuma hukugeuka."

"Nisamehe mama. Ulikuwa ujana."

"Jirani mpaka leo anamlilia yule samaki wake. Ulimchukua akiwa kwenye kikaango!"

"Nitamlipa, mama. Mwambie namwomba radhi."

"Bado unalala mchana kutwa juu ya vitambaa vya wateja?"

"Nimebadilika. Siku hizi naamka alfajiri, nafanya kazi."

"Kazi! Wewe! Na wale watoto uliowaacha kila uchochoro, unawaona?"

Samahani aliinua nyusi. Huyu Bosi alikuwa mtu wa hovyo kupita kiasi.

"Nawatunza wote, mama. Kila mmoja."

"Alhamdulillahi. Hata hivyo daktari alituambia kwamba baada ya ile operesheni utatulia, hutazurura tena usiku kufuata wanawake."

Samahani, peke yake katika chumba chenye harufu ya sabuni, alibana mapaja yake. Ilimchukua muda kupata vidole vya kuandika.

"Nimetulia, mama. Nimetulia kabisa."

"Na sikio?"

"Limepona."

Aliweka simu mezani akamfikiria Bosi. Mvivu. Mla samaki wa watu. Baba wa watoto wa vichochoroni. Mwana asiyejua hata kumtumia mamaye salamu. "Mama mzuri namna hii," alijisemea kwa uchungu, "hakustahili mtoto kama yule." Alikasirika kweli. Kwa muda wa kunywa chai moja, Samahani alikuwa mtetezi wa wazazi wote duniani, na kama kungekuwa na chama angejiunga.

Basi akamwandikia mama kila siku. Asubuhi alimuuliza amelalaje, jioni alimuuliza goti. Mama hakuwahi kusema ana tatizo la goti, lakini ukimuuliza mama yeyote habari ya goti hukosi. Na huko dukani, mjane alipoona jinsi mwizi anavyojali, alisema kwa sauti ya chini, "Wifi, mbona huyu anatujulia hali kuliko watoto wa kuzaa?"

"Ndiyo biashara yake," alijibu Mama Fundi. "Anatuuzia kile tunachokikosa."

Hapo wote wawili wakainamia kazi, cherehani zikaongea.

*

Siku ilipowadia, Mama Fundi aliandika kwa wasiwasi mkubwa na makosa mengi, maana wasiwasi huandikwa hivyo.

"Bosi, hela ya kiwanja iko chini ya vitambaa. Naogopa. Siku hizi kuna wezi."

"Kweli kabisa mama. Watu wamekuwa wabaya mno."

"Fundi chuma ana sanduku zuri. Linafungwa kwa namba sita. Lakini nimepungukiwa kidogo, na hela ya kiwanja sitaki kuigusa kabla hujaiona."

Ikiwa kuna wakati ambapo nyota zilimkonyeza Samahani akatazama pembeni, ni huo. Lakini mtu aliyezoea kupokea hana macho ya kutazama kinachomtoka. Akatuma alichoombwa. Hakukiita hasara, alikiita mtaji.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama alijibu. "Sasa fundi chuma yuko hapa anauliza tuweke namba gani. Mimi kichwa changu cha kusahau, unakijua. Chagua wewe. Iwe namba ambayo hata ukitikiswa usingizini utaitaja."

Hapa yabidi tueleze kosa moja la kitaalamu. Samahani alikuwa na akaunti za watu wengi kuliko viatu vyake, na zote zilihitaji kufuli. Kuandika namba mahali hakutaka, kwa sababu alijua jinsi ushahidi unavyopatikana. Kukariri namba tofauti kwa kila akaunti hakuweza, kwa sababu shule aliiacha palepale hesabu zilipoanza kumtaka juhudi. Basi alitumia namba zilezile sita kila mahali. Zilifungua simu zake, zilifunga akaunti za wengine. Hizo ndizo angezitaja hata akitikiswa usingizini.

Zaidi ya hayo, katika maisha yake yote ya kuomba watu namba sita, hakuna mtu aliyewahi kumwomba yeye. Hakujua mtu hujisikiaje. Alijisikia, kwa kweli, kama anayependwa.

Akaandika namba. Halafu akaongeza, kwa nia njema kabisa: "Mama, usimpe mtu yeyote."

"Simpi mtu," aliandika Mama Fundi, huku akimsomea wifi yake moja moja kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

*

Baada ya kumwandikia mama kwamba atamtuma rafiki, Samahani alilitafuta duka kupitia kundi la mafundi, akaenda kuchukua sanduku mchana, saa ambayo watu waaminifu hutembea. Dobi alikuwa amempigia pasi shati mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama kisu. Begani alining'iniza mkoba mkubwa usio na kitu ila simu moja; ile ya akaunti ya mjane aliiacha kwenye chaji.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, karibu ndani."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Keti hapo kwenye kigoda."

Akaketi. Aliona cherehani mbili, futi kamba shingoni mwa mwenye duka, pasi nzito ya mkaa ikifuka kwenye kona, na mwanamke mwembamba aliyekuwa ameinamia mashine yake bila kushona chochote. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Samahani alidhani analia, akamwonea huruma.

"Mimi ni rafiki wa Bosi," alisema. "Rafiki kama ndugu. Kanituma nichukue lile sanduku. Yeye amebanwa na kazi."

"Bosi amebanwa na kazi!" Mama Fundi akarudia. Mwanamke mwembamba akatoa sauti kama birika linalochemka.

"Sana, mama. Ila anakupenda mno. Kila mara anakutaja."

"Ajabu. Kwani hamkupishana njiani? Bosi mwenyewe karudi."

Samahani alitabasamu kwa sababu uso wake ulikuwa umezoea. "Karudi?"

"Leo asubuhi. Yuko ndani nyuma ya pazia, amejilaza."

"Basi vizuri! Vizuri sana. Basi nisimsumbue, mtu aliyetoka safari..." Alikuwa ameshasimama. Akageuka. Mlangoni, kwa bahati tu, mjane alikuwa amekwenda kupunga hewa, na kwa bahati tu alikuwa amebeba ile pasi ya mkaa.

"Usumbufu gani? Rafiki kama ndugu!" Mama Fundi akavuta pumzi. "Bosi! Bosi wee! Toka, kuna mgeni wako!"

Samahani aliwaza haraka. Aliwaza mwanamume mkubwa, mkorofi, mwenye sikio bovu na hasira za mtu aliyefanyiwa operesheni mbaya. Angesema nini? Angesema amekosea duka. Angesema anatafuta fundi viatu. Pazia likatikisika, chini kabisa, karibu na sakafu.

Akatoka paka.

Paka dume, mnene, wa rangi ya chungwa, sikio moja limemegeka kama biskuti. Alipiga miayo. Alimtazama mgeni jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Kisha akaruka juu ya sare za shule zilizopigwa pasi, akazunguka mara moja, akalala.

Mama Fundi akamchomoa uzi mmoja manyoyani.

"Huyo..." alianza Samahani.

"Bosi," alisema Mama Fundi. "Mwanangu wa pekee wa kiume. Wengine ni mabinti, na wote wananipigia simu kwa sauti zao wenyewe."

Yakamrudia yote, moja baada ya jingine, kama watu wanaoshuka ngazi. Dirisha. Samaki kwenye kikaango. Watoto wa vichochoroni. Tangu lini umejua kuandika.

"Operesheni," alinong'ona.

"Ilifanikiwa sana. Wewe mwenyewe ulisema umetulia."

Mjane akashindwa. Aliweka pasi chini akacheka mpaka akashika ukuta. Bosi, aliyechukia kelele kazini, akashuka kwenye sare, akavuka chumba na kumnusa Samahani suruali. Ilinukia dobi, na hakuna paka anayekataa nguo iliyotoka kwa dobi. Samahani alikuwa ameketi tena kwenye kigoda. Bosi akampanda mapajani, akajikunja. Mjane akainua simu, na kabla Samahani hajafunga mdomo, picha ilikuwa imeshapigwa.

"Na sanduku?" aliuliza, maana mazoea ni mazoea.

"Sanduku gani, baba? Mimi nina kabati la nyuzi tu. Hela yako imenunua maziwa na samaki wa kopo. Yote kaila Bosi. Si ndivyo ulivyotaka, Bosi apate chake?"

"Mmenitapeli!" alisema Samahani, na sauti yake ilijaa uchungu wa mtu anayeamini haki. "Mama mzima, unamdanganya mtu aliyekuamini!"

"Wifi," alisema Mama Fundi bila kumjibu, "mwekee asikie alichokuwa amekikalia."

Mjane alikuwa ameacha kucheka. Akagusa simu yake. Kwanza ilisikika ngurumo ya injini na mvua juu ya bati la lori. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, yenye usingizi, inayoongea karibu sana na simu kama watu wasiouamini mtandao.

"Mke wangu, nimefika salama. Huku mvua, barabara yote tope. Nitalala humuhumu garini." Akacheka kidogo kwa jambo lake mwenyewe. "Umekula?"

Ikaisha. Mjane alikuwa amefumba macho. Mama Fundi alikuwa anaangalia futi kamba kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Na Samahani, ambaye alikuwa amezifungia sauti zile wakati wote huo na hakuwahi kuzifikiria, kwa kuwa hazikuwa na hela, alitazama viatu vyake. Sitasema alitubu. Tusimdai mtu makubwa mchana mmoja. Lakini viatu alivitazama muda mrefu kuliko vilivyostahili.

Aliyevunja ukimya alikuwa mfuko wake wa suruali. Ulitetemeka. Kisha wa pili. Kisha mkoba. Akatoa simu moja: *umeondolewa kwenye akaunti hii.* Akatoa nyingine: *umeondolewa.* Akamtazama Mama Fundi.

"Uliomba hela kwa watu wengi kwa jina la wifi yangu," alisema Mama Fundi. "Na wengi ukawafungia na wao. Amewapigia wote, mmoja mmoja, kwa mdomo wake. Kumbe kufuli zote zina ufunguo mmoja! Kijana mzima, hujui kubadilisha namba za siri? Wenzako hawakukufundisha?"

Simu iliendelea kutetemeka mkononi mwake. Kila mtetemo mtu fulani, jikoni au sokoni au kazini, alikuwa anarudi nyumbani kwake.

Samahani alimshusha Bosi kwa uangalifu, akajikung'uta manyoya, akavaa heshima iliyobaki. Akaangalia mlango, akaangalia dirisha.

"Pita mlangoni, mwanangu," alisema Mama Fundi. "Kwa dirishani hutoka Bosi tu."

*

Alihama mji. Kazi yake ina uzuri huo: ofisi yote huingia mfukoni. Alipata chumba kingine, safari hii juu ya duka la rangi za nyumba, na laini mpya ambayo hakuna mtu aliyeijua. Alikaa kimya mpaka akaamini dunia imemsahau. Dunia ina mambo mengi.

Siku moja, baada ya chai, akachagua namba ya mama mmoja wa mbali kabisa, asiyejua kushona hata kifungo. Akanyoosha vidole.

"Samahani mama. Ni mimi mwanao. Simu yangu imeanguka majini, hii ndiyo namba yangu mpya."

Alama za kusomwa zikatokea. Mama anaandika. Mama anaandika. Samahani akajiegemeza kitini.

Ikaja picha kwanza. Kijana mwenye shati lililopigwa pasi, ameketi kwenye kigoda, mdomo wazi, na mapajani mwake paka mnene wa rangi ya chungwa. Chini ya picha palikuwa na maneno aliyoyaandika Mama Fundi, ambayo tangu siku ile yalikuwa yakihama kundi hadi kundi, mji hadi mji: *Akikuandikia huyu, usimtukane. Usimpe namba zozote. Mpigie mwanao kwenye namba yake ya zamani, umsikie sauti. Halafu mwizi naye mjulie hali, maana kazi yake ya upweke.*

Na chini ya hayo, ujumbe mpya, wa mama asiyemjua kabisa:

"Bosi mwanangu! Umekula?"